Mstari Nilioruka

Alhamisi, mwezi wa pili. Asubuhi ya baridi, na ardhi bado imelowa.

Mvua imesita tangu alfajiri. Nikifungua dirisha la jikoni naisikia harufu ya udongo, na mitende ya jirani inadondosha maji kidogo kidogo juu ya bati la banda lake la mbuzi. Leo hakuna kazi. Maktaba ya chuo ninakofanya kazi imefungwa kwa sababu ya wadi, mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha, maana maji ya milimani yamepita juu ya barabara na nusu ya wafanyakazi hawawezi kuvuka. Basi nimekaa mezani na kompyuta hii na kikombe cha chai ambacho kimeshapoa.

Sijaandika hapa kwa zaidi ya mwaka. Wawili watatu kati yenu mliniandikia kuniuliza kulikoni. Sikukujibuni. Nisameheni.

Leo nataka kusema.

Nimemwomba mume wangu ruhusa kwanza, kwa kuwa haya ni yake pia. Kafikiri kidogo kisha kasema, "Andika, lakini nibadilishe jina. Na unipunguzie umri." Basi humu anaitwa Nassor, na umri wake hamtousikia. Mimi niiteni Raya.

Nitaanza na Meksiko.

Najua mtashangaa, mtu wa Ibra, huku Oman, ana nini na Meksiko. Lakini wanaonijua wanajua kwamba Jumatano kwetu ni siku ya wanawake. Asubuhi kuna soko lao ambalo mwanamme hatii mguu, na alasiri sisi wachache tuliolelewa kwa Kiswahili tunakutana nyumbani kwa Bi Zuwena. Bi Zuwena kazaliwa Unguja mjini na kaja Oman ameshaolewa. Sasa amepita themanini. Macho yake yamefifia, lakini masikio yake yanamsikia paka akikanyaga mkeka. Kiarabu anakisema vizuri, ila anasema kitu kizuri hakimwingii mpaka akisikie kwa Kiswahili. Kazi yangu ni kuchukua kitabu maktaba, na kuwafasiria pale pale kwa mdomo, wao wakinywa kahawa.

Zamani nilikuwa nawapelekea hadithi. Kisha nikaugua, nikaacha kwenda. Niliporudi, mwanzo wa msimu huu wa baridi, nilirudi na kitabu kinene cha mashairi ya mapenzi ya Meksiko, ya karne ya ishirini, yaliyotiwa kwa Kiarabu. Nilikikuta kwenye meza ya vitabu vilivyorudishwa. Nilikifungua nikitafuta namba ya rafu yake, nikasoma ukurasa mmoja nikiwa nimesimama, kisha nikavuta kiti.

Sikujua kwamba watu wa mbali hivyo wanaweza kunijua hivyo.

Wa mwanzo mwanzo wa karne ni wanaume waliolelewa katika nyumba za dini. Wanamtamani mwanamke na kuiogopa dhambi kwa pumzi moja, na wakimwona kavaa nguo nyeusi wanazidi kuchanganyikiwa. Hao sikuhitaji kufasiriwa; nyumba hizo nazijua. Kisha wanakuja wengine, katikati ya karne, ambao wanawachukua wapenzi wawili waliolala na kuwaweka katikati ya dunia nzima, kama kwamba mji na vita na saa za ukutani vyote vinawangojea wao waamke. Yupo aliyependa wanaume wenzake wakati ambapo jambo hilo halisemeki, basi mapenzi yake yote yanapita usingizini na vivulini, hayana sura wala jina. Nilipomaliza kumsoma huyo, wote waliweka vikombe chini. Bi Zuwena ndiye aliyesema, "Maskini. Kapenda na hana wa kumwambia." Kisha akaniambia niongeze kahawa.

Yupo mwengine anayezungumza kama mtu wa sokoni. Mapenzi yake yana supu na jasho na ugomvi wa asubuhi. Huyo Bi Zuwena alimpenda sana. Majina yao yote yalimshinda, akiwaita tu "watu wako wa Meksiko." Alikuwa akiniuliza, "Leo watu wako wa Meksiko wanasemaje?"

Na wapo wanawake. Walichelewa kupewa kalamu, na walipoipata hawakuanza na maua. Waliandika kitanda cha ndoa, na sufuria, na upweke wa kulala ubavuni mwa mume aliyesinzia. Waliandika matamanio yao kwa vinywa vyao wenyewe, bila ya kumtanguliza mwanamme awasemee.

Hao ndio walionitia hofu. Nikiwafikia nilikuwa nafunua kurasa mbili kwa pamoja ili niwapite.

Sasa niseme kwa nini.

Nina saratani, au nilikuwa nayo. Daktari anasema nilikuwa nayo. Miezi kumi na minne iliyopita walinikata ziwa la kushoto.

Nimeiandika sentensi hiyo na kuifuta mara tatu. Safari hii naiacha.

Nassor alinipeleka Maskati kila baada ya wiki tatu kwa dawa za kutiwa mshipani, akarudi na mimi, akasimamisha gari kila niliposema simamisha. Hakulalamika hata siku moja. Alijifunza kupika uji wa mchele, akaupika vibaya, nikaunywa. Lakini niliporudi kutoka hospitali baada ya operesheni nilihamia chumba cha binti yetu Thurayya, ambaye yuko chuo kikuu Maskati. Nilisema kiyoyozi chake hakina kelele. Nikaanza kuvaa nguo nyuma ya mlango uliofungwa kwa ufunguo. Kioo cha kabati nikakitundikia kanga.

Yapata wiki sita baadaye nilikuwa jikoni naosha vyombo, Nassor akaja kwa nyuma akaniweka mkono begani. Begani tu. Nikauondoa. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa sahani.

Hakunigusa tena.

Tuliishi hivyo kwa adabu kubwa kabisa. Habari za kazi, Thurayya kapiga simu, gesi imekwisha. Mtu angetutazama angesema hawa wamebarikiwa. Nami nilijiambia kwamba mambo yale yamekwisha, nina karibu miaka hamsini, mtoto mkubwa, uhai nimepewa, nitake nini tena?

Kisha ikaja jana.

Kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Nassor alikwenda kazini Mudhaibi, ng'ambo ya wadi, kama kawaida. Yuko katika ofisi ya kilimo, anashughulika na mitende ya watu na wadudu wake. Alasiri mimi nikaenda kwa Bi Zuwena. Tulikuwa watano. Alikuwepo Shemsa, ambaye wazee wake walitoka Bujumbura na ambaye hawezi kukaa dakika tano bila ya kutia mzaha, na wengine wawili waliokuwa wakimenya machungwa.

Shairi la jana lilikuwa la mwanamme. Anamwangalia mwanamke wake, naye si msichana, na anamtaja kiungo kimoja baada ya kimoja, taratibu. Hamsifu kwa kumfananisha na vitu. Anataja tu, na kila anapotaja anakaa hapo kidogo. Nilikuwa nimelisoma nyumbani usiku wa kuamkia jana na nilijua linakokwenda. Nilijipangia. Nilipofika pale nikavuta pumzi, nikapita.

"Simama hapo," akasema Bi Zuwena.

Nikasimama.

"Umeruka."

"Sijaruka, bibi."

"Raya. Huyu bwana kaanza kwenye nywele. Kaja kwenye paji la uso, kaja macho, kaja midomo, kaja shingo. Kutoka shingoni kashukia tumboni. Katikati pamekwenda wapi?"

Wote wakacheka. Shemsa akasema, "Labda bwana alikuwa na haraka zake."

Na mimi nikacheka. Nilicheka kweli, kwa sababu ilichekesha. Kisha nikasikia kicheko changu kinageuka, na sikuwahi kukizuia. Nililia mbele ya wanawake wanne na sahani ya machungwa, kitabu kiko wazi mapajani.

Wao walijua kwamba niliugua. Walijua kulikuwa na operesheni. Walileta halwa, walileta supu, waliniombea dua. Lakini hakuna aliyeuliza wamekata nini, na mimi sikumwambia mtu. Shemsa ndiye aliyefahamu kwanza. Aliinuka, akawaambia wenzake, "Yallah, tukaangalie chai," na chai ilikuwepo pale pale mbele yetu. Wakamfuata jikoni.

Bi Zuwena akanyoosha mkono akautafuta wangu mpaka akaupata.

"Wamekata?"

"Moja. La kushoto."

"Alhamdulillah umebaki wewe." Akaukaza mkono wangu. "Na mumeo kasemaje alipopaona?"

"Hajapaona."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Mwaka na miezi miwili."

Nilitegemea atanikemea. Bi Zuwena ujanani alikuwa somo, yaani ndiye aliyekaa na bibi harusi kumfunza mambo ya chumbani, na wapo wanawake wazima hapa Ibra ambao mpaka leo wakimwona wanainamisha macho kwa aliyowafundisha. Badala ya kunikemea alinihadithia habari ya mumewe, ambaye amefariki zamani na ambaye sikuwahi kumsikia akimtaja ila kwa kumrehemu.

"Bwana wangu alikatwa mguu kwa ajili ya sukari," akasema. "Akarudi nyumbani, ikawa hakubali kulala ila kwa kujifunika shuka mpaka kiunoni, joto la Ibra hili, mwezi wa sita. Hataki nione. Akitaka kubadilisha nguo anamwita mwanawe wa kiume. Nikangoja. Nikasema huzuni yake itapungua. Haikupungua. Siku moja nikaikamata ile shuka nikamwambia, wewe bwana, mimi nimeolewa na mtu, sikuolewa na kiatu."

"Akafanyaje?"

"Akanitukana. Kisha akacheka. Kisha akalia, na nilikuwa sijapata kumwona akilia. Tukaishi miaka tisa baada ya hapo, na nitakwambia, Raya, mwanangu, ile ndiyo miaka niliyompenda. Kabla ya hapo nilikuwa mkewe tu."

Aliuachia mkono wangu akajitengeza mtandio.

"Nimewafunza mabibi harusi kuoga, nimewafunza kujifukiza udi, nimewafunza namna ya kuingia chumbani na namna ya kutoka. Hili sikumfunza hata mmoja. Sikuwa nalijua. Haya, soma mstari wako."

Nikasoma kwa Kiarabu kwanza. Kisha nikatafuta neno la Kiswahili. Nikasema kifua.

Akatikisa kichwa. "Kifua hata mwanamme anacho."

Basi nikalisema neno lenyewe, tunalolisema sisi wanawake wenye asili ya Unguja majumbani mwetu. Nikasema maziwa yake. Nikasema kwamba yule bwana anayaangalia maziwa ya mkewe, na anakaa hapo, na hana haraka ya kwenda kwengine. Nikalisoma mpaka mwisho.

"Sasa shairi limekamilika," akasema Bi Zuwena, na akawaita wenzetu waliokuwa wamesimama jikoni wakijifanya wanatafuta vikombe.

Ngurumo ya kwanza ilipiga saa kumi na moja kasorobo. Hapa mtu hangoji ya pili. Kila mmoja alikamata buibui lake, nikampeleka Shemsa kwake, nikafika nyumbani matone makubwa yanaanza kupiga kioo cha gari. Njiani nilikuwa nimeshaamua. Nassor akirudi nitamwambia. Nitamwambia akishakula, la, kabla ya kula, la, nitamwambia mara tu akivua viatu. Nilipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, kama mtu anayengoja wageni.

Simu ikalia karibu na magharibi.

"Nimekwama," akasema Nassor. "Wadi umeshuka."

Alikuwa upande wa pili. Alinieleza kwamba maji yamepita juu ya barabara yote, yana rangi ya chai ya maziwa, yanachukua matawi ya miti, na kuna magari kama ishirini yaliyopanga mstari huku na huku.

"Usivuke."

"Sivuki. Nani kakwambia nitavuka?"

Namjua. Ujanani aliwahi kuvuka. Nikamwambia aape, akaapa. Akasema maji yakizidi atarudi kulala kwa mwenzake wa kazini. Akaniuliza kama paa la sebule linavuja. Nikamwambia halivuji. Alikuwa karibu kuaga.

Na mimi nikajua kwamba nikimngoja avue viatu, nitamwuliza habari za kazi na nitampakulia wali.

"Nassor, usikate. Nataka kukusomea kitu."

"Kitu gani?"

"Shairi. La Meksiko."

Nilisikia mvua juu ya gari lake.

"Meksiko kumetokea nini?"

Nikacheka, nikamwambia hakujatokea kitu, nyamaza unisikilize. Nikakaa chini, pale pale sakafuni jikoni, mgongo wangu kwenye kabati, kitabu magotini. Nikamsomea kwa Kiswahili. Nilisoma nywele na paji la uso, nikasoma macho, midomo na shingo. Nikafika pale. Sikuruka. Nikaenda mpaka miguuni, mpaka kwenye vidole ambavyo yule bwana anavitaja mwisho kabisa. Nikafunga kitabu.

"Nassor, upo?"

"Nipo."

Sauti haikuwa yake. Nilimwambia, yote kwa mara moja, kwamba nimeuruka mstari huo leo kwa Bi Zuwena, na kwamba nimeuruka mwaka mzima nyumbani, na kwamba kiyoyozi cha Thurayya kina kelele kuliko chetu.

"Najua kina kelele," akasema. "Mimi ndiye niliyekifunga."

Kisha akaanza kusema, na Nassor si mtu wa kusema. Alisema kama mtu anayetoa vitu garini, kimoja kimoja, anaviweka chini.

"Siku ile jikoni uliponitoa mkono, nilidhani umenichoka. Nilidhani umekutana na mauti, umerudi, umemwangalia mtu uliye naye nyumbani, umeona si huyu. Nikasema nisikusumbue."

"Niliogopa utanihurumia."

"Na nikikuhurumia kuna ubaya gani, Raya? Mimi ni mumeo." Akakohoa kidogo. "Na mimi nani alinihurumia?"

Niliegemeza kichwa kabatini.

"Siku ya operesheni," akasema, "walipokuingiza ndani nilitoka nikaenda kukaa garini. Nililia kule. Sikulia kwa kuogopa utakufa, ile nilikuwa nimeshaililia. Nililia kwa ajili ya lile ziwa. Nikaona aibu. Mke wangu yuko chini ya kisu na mimi nalilia ziwa, mtu gani huyu. Lilikuwa lako, najua. Lakini na mimi limenipotea. Nilitaka tukae siku moja tulilie pamoja, wewe ukafunga mlango."

Mpaka leo, katika kitabu chote kile, sijakutana na mstari unaolifikia hilo.

Nilimwambia pole. Baada ya miezi kumi na minne ya watu kunipa pole mimi, nilimpa pole mume wangu, naye aliipokea. Tulilia kila mtu upande wake wa wadi. Hatukuona haya, hakuna aliyekuwa anamwona mwenzake. Mwisho akasema kuna askari anagonga kioo, anawaambia wote warudishe magari nyuma. "Anadhani nalia kwa sababu ya maji," akasema. "Linanipigia honi gari la nyuma. Nitakuja asubuhi."

Sikuweza kula ule wali.

Kafika leo saa moja unusu, maji ya njia yake yalipopungua. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini na gari lina matope mpaka kwenye vioo. Alikuwa kashika mfuko wa chapati za njiani na vikombe viwili vya chai ya maziwa vyenye vifuniko. Akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuposa. Nilimpokea vile vikombe nikaviweka chini, nikamshika mkono nikampeleka chumbani kwetu, chumba ambacho sijakiingia kwa mwaka ila kuweka nguo zake kabatini. Nikafungua pazia. Nilitaka mwangaza, kwa sababu nilijua gizani nitadanganya.

Nikavua.

Sitowaambia kwamba niliona fahari. Nilitazama pembeni. Bega langu lilijikunja lenyewe, nikalirudisha, likajikunja tena. Kovu langu ni mstari unaotoka karibu na mfupa wa katikati mpaka chini ya kwapa, na mwishoni pana kinyama kidogo kilichokunjika ambacho nakichukia kuliko kovu lenyewe. Hayo yote aliyaona. Niliyahesabu macho yake yakipita.

"Panauma?" akauliza.

"Hapaumi sasa. Kukiwa na joto panawasha."

"Naweza?"

Nikamwambia unaweza. Akauweka mkono wake pale, kiganja kizima, akauacha. Mkono ulikuwa wa baridi kutokana na hewa ya asubuhi, nikaruka kidogo, akataka kuutoa, nikamwambia uache. Ukapata joto taratibu. Upande ule sehemu nyengine hazina hisia tena, kwa hiyo nilikuwa naujua mkono wake mahali na mahali siujui, kama redio inayokamata na kupotea.

"Nilidhani ni pakubwa zaidi," akasema. "Kichwani mwangu walikuwa wamekuondoa nusu nzima."

Mwaka mzima kalala akidhani chumba cha pili kuna mwanamke aliyekatwa nusu. Mimi ndiye niliyemwachia amchore.

Chapati tulizila baadaye, zimeshakauka. Yaliyokuwa kabla ya chapati ni yetu na hayaandikwi.

Nasema hili tu. Sikujisikia mzuri. Nilijisikia nimeonekana, na nimegundua kwamba nilikuwa nalitaka hili la pili kuliko lile la kwanza.

Sasa Nassor amesinzia, na mimi nimerudi kwenye kitabu. Nina ugomvi kidogo na watu wangu wa Meksiko. Nimekipekua chote tangu saa tatu. Wanaume wale, kwa ushujaa wao wote, wameandika zaidi miili mizima, na wengi wao miili ya wanawake wachanga. Wanawake wamefika mbali kuliko wao: wapo walioandika uzazi, uzee, na kuchoka. Lakini kovu kama langu sijaliona. Labda liko katika kitabu chengine ambacho hakijatiwa Kiarabu. Labda yupo mwanamke katika mji mmoja wa huko aliyeliandika na kuliweka kwenye droo, mtoto wa meza. Ningependa kumsoma. Ningependa kumwambia kwamba mwanamme mmoja Oman, ofisa wa mitende, alililia ziwa la mkewe ndani ya gari na akaona aibu, na kwamba hilo nalo lilistahiki kuandikwa.

Nimejaribu kuliandika mwenyewe, kwa Kiswahili. Nina mistari minne. Wa tatu ni mbaya. Jumatano ijayo nitampelekea Bi Zuwena, na najua ataupata ule wa tatu kabla sijamaliza kuusoma.

Swali moja linanikaa na leo sitolijibu. Nilidhani huzuni ile ni yangu peke yangu kwa kuwa mwili ni wangu. Nani aliniambia hivyo? Nilimwona mtu akipika uji, akiendesha gari kwenda na kurudi, akipangusa sahani, na sikujiuliza hata mara moja kwamba huenda na yeye amefiwa.

Nassor kaamka. Namsikia akitembea kwenye ukumbi, mlango wa chumba cha Thurayya umefunguliwa, droo inavutwa. Anahamisha vitu vyangu. Hakuniuliza. Amepita sasa hivi mlangoni kwangu na rundo la nguo limemfika kidevuni, hakunitazama, anafanya kama jambo la kila siku.

Ananiita.

"Raya! Hii mito miwili, wako upi?"

Naacha hapa. Nakwenda kumwonesha.